Kisu, panga na robo ya sekunde: mbinu ipi ya kujilinda ni ya kweli?

Mwezi wa nane mwaka jana nilikuwa nyumbani Tarime kwa likizo fupi. Mtoto wa mjomba wangu akaja kunisalimia, akanipa mkono wa kushoto. Nilitaka kumkemea, maana huku kwetu hata mtoto wa chekechea anajua mkono wa kusalimia ni upi. Kabla sijafungua mdomo akaninyooshea wa kulia. Vidole vitatu vimenyooka tu, havikunjiki. Kovu limekatiza kiganja kama mstari uliopigwa kwa rula.

Alikuwa anatoka mnadani na wenzake. Deni la mbuzi, maneno, pombe kidogo, panga likatoka. "Dada, nilifanya vilevile kama kwenye klipu," akaniambia. "Unaudaka mkono wake, unaukunja, panga linadondoka. Sasa mimi nikadaka, ila si mkono."

Akatoa simu, tukakaa chini ya mwembe kuziangalia. Klipu zilikuwa nyingi: karate, judo, jamaa wa Ufilipino na vijiti vyao, wanajeshi wa Israeli na krav maga. Kila mwalimu anasema ya kwake ndiyo inafanya kazi mtaani. Halafu akaniuliza swali ambalo limezaa makala hii: "Wewe si ndiyo unasoma mambo ya mwendo wa mwili? Ipi kati ya hizi ndiyo ya kweli?"

Najua utani wa Mkurya na panga. Nimeusikia tangu bweni la kidato cha kwanza, mpaka niliacha kucheka. Kwa hiyo niseme mapema: hapa hakuna somo la kumkata mtu. Kuna hesabu kidogo, kuna michezo ya kupigana, na mwishoni kuna damu na namna ya kuizuia. Ukiwa na haraka, ruka hadi kwenye damu.

Tuanze na rula

Chukua rula ya sentimita 30. Mwambie mwenzako aishike kwa juu ikining'inia, wewe weka dole gumba na kidole cha shahada pembeni ya sifuri bila kuigusa. Aiachie bila kukuambia. Angalia umeidakia wapi. Ukiidaka kwenye sentimita 20, umetumia kama sekunde 0.20. Ukiidaka kwenye 30, ni karibu sekunde 0.25. Ni mvutano wa dunia tu unaofanya kazi ya saa. Watu wengi wazima na wazima wa afya wanaangukia humo humo, na ukirudia mara mia utapunguza kidogo sana.

Sasa fikiria vizuri. Katika jaribio hilo ulijua nini kitatokea, kitatokea wapi na ufanye nini. Mwaka 1952 mwanasaikolojia wa Uingereza, William Edmund Hick, alionyesha kwa taa na vibonye kwamba kadiri machaguo yanavyoongezeka, ndivyo muda wa kuitikia unavyorefuka. Mtu anayekuja na panga hakupi rula moja. Anaweza kupiga kutoka juu, kutoka kulia, kutoka kushoto, au kunyanyua tu ili ujikunyate halafu apige kwingine.

Upande wake yeye hesabu ikoje? Bega ni ekseli. Kutoka bega hadi ngumi tuseme sentimita 65, na panga la shamba linaongeza kama nusu mita. Mkono wa mtu aliyezoea kulima na kupasua kuni ukifika mita 7 kwa sekunde, kasi ambayo si ya ajabu, ncha ya panga inakuwa inakwenda zaidi ya mita 12 kwa sekunde, kwa sababu iko mbali zaidi na ekseli. Hiyo ni zaidi ya kilomita 40 kwa saa, mwendo wa bodaboda mjini. Tangu mkono uanze kushuka hadi ufike ni kama theluthi ya sekunde. Robo ya sekunde umeshaila kwa kuona na kuamua. Kinachobaki ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ndani ya hiyo mkono wako unatakiwa usafiri, ufike na ushike.

Ushike wapi? Hapo ndipo mtoto wa mjomba alipopatia hasara. Kati ya kifundo cha mkono na mwanzo wa makali kuna upana wa ngumi moja. Jamaa anakuja huku anapiga hatua. Akija kwa mita 3 tu kwa sekunde, ukikosea muda kwa sekunde 0.05 umekosea umbali kwa sentimita 15. Ulilenga kifundo, umepata chuma. Hakuwa mzembe wala mwoga. Alipewa kazi ambayo jicho na misuli ya binadamu haiwezi kuifanya kwa uhakika.

Kisu kifupi kina tabia nyingine kabisa, na hapa watu wengi wanachanganya. Panga linategemea mzunguko: ncha ina kasi kubwa, karibu na mpini kasi ni ndogo. Kwa hiyo hatari kubwa kabisa iko kwenye lile duara la nje. Kisu hakihitaji mzunguko wala nguvu. Mwaka 1975 daktari wa uchunguzi wa maiti, Bernard Knight wa Cardiff, alipima nguvu inayohitajika kupenya mwilini. Akaona kinachoamua zaidi ni ukali wa ncha, na kwamba ngozi ndiyo kizuizi kikubwa. Ikishapenya, tishu za ndani hazizuii sana mpaka kisu kikutane na mfupa. Kwa ncha kali, nguvu yenyewe ni kama kubonyeza mizani ya jikoni mpaka isome kilo chache. Mtoto anaweza. Ndiyo maana kumkumbatia mtu mwenye kisu, eti umbane asipate nafasi, ni wazo baya kuliko linavyosikika: nafasi anayohitaji ni ya kiganja kimoja.

Kila mbinu ina swali lake

Jibu nililompa siku ile lilikuwa kwamba zote ni za kweli, kila moja kwa swali iliyoulizwa. Ila hakuna hata moja iliyoulizwa swali la njia ya kutoka mnadani.

Chukua karate. Sisi tuna historia yake nzuri. Goju-ryu iliingia Dar es Salaam miaka ya 1970 kupitia Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi, na dojo ya Zanaki ikatoa walimu wengi. Kinga za karate nyingi zinatumia mkono kati ya kiwiko na kifundo kupangua pigo. Kwa ngumi ni sawa kabisa, utabaki na uvimbe. Kwa panga, mkono uleule ndio unaokatwa. Madaktari wa uchunguzi dunia nzima wanayajua majeraha hayo, wanayaita majeraha ya kujikinga: kwenye kiganja, na kwenye ule upande wa mkono ulio na kidole cha mwisho. Mara nyingi yanaonyesha kwamba mtu aliona pigo likija na akaitikia kwa wakati, na bado akakatwa.

Judo ina mfuatano rasmi wa kujilinda uliotolewa na Kodokan ya Tokyo mwaka 1956, mbinu 21, na kati ya hizo kisu kimepewa 3, fimbo 3, bastola 3. Ninachokipenda humo ni kwamba jambo la kwanza ni kutoka kwenye mstari wa pigo. Mkono unafuata baadaye. Mwili mzima unahama, na hata ukichelewa kidogo umepunguza madhara. Shida ni kwamba ni mfuatano wa makubaliano. Mshambuliaji anachoma mara moja, kisha anauacha mkono pale hewani umsubiri mwenzake. Nimeangalia klipu nyingi za matukio halisi kwenye kamera za maduka (usijaribu kabla ya kula). Hakuna anayeuacha mkono hewani. Wanachoma na kurudisha, wanachoma na kurudisha.

Arnis, au eskrima, ya Ufilipino ndiyo inayokaribia mazingira yetu. Nchi ile iliufanya kuwa mchezo wa taifa kwa sheria ya mwaka 2009, na bolo lao ni panga la shamba kama hili letu. Wao hawaulizi umeshika nini, wanauliza pigo linatoka pembe gani, na pembe ni chache. Kwa maneno ya Hick, wamepunguza machaguo. Pia wanatofautisha umbali wa mbali, wa kati na wa karibu, na kwa kila umbali kuna kazi yake. Lakini angalia klipu tena: mlengwa wao mkuu ni mkono ulioshika silaha, na wao wenyewe wameshika kijiti. Ukiondoa kijiti, nusu ya somo imeondoka nacho. Mtoto wa mjomba alikuwa amejifunza ile nusu iliyobaki.

Krav maga, iliyoanzishwa na Imi Lichtenfeld na kukuzwa jeshini Israeli, ina akili moja nzuri: inaanzia kwenye kile mwili unachofanya wenyewe ukishtuka, yaani mikono kupanda, halafu inakufundisha upangue na upige kwa pamoja. Kwa mtu aliyebanwa kwenye kona chumbani, pengine hiyo ndiyo ningeichagua. Inahitaji miezi ya mazoezi na mwenzako asiyekuonea huruma, na hata hapo walimu waaminifu wanakwambia utakatwa, swali ni wapi.

Hata Ulaya ya zamani ni hivyo hivyo. Fiore dei Liberi, mwalimu wa Italia wa mwanzoni mwa karne ya 15, alichora kurasa nyingi za kunyang'anya jambia kwa kushika kifundo cha mkono. Inaonekana ujinga mpaka ukumbuke kwamba majambia mengi ya zama zile yalitengenezwa kwa kuchoma, hayakuwa na makali ya kukata kama kisu cha jikoni, na watu walivaa nguo nzito. Mbinu imetoka kwenye chuma chake na nguo zake. Ukiihamishia kwa kijana aliyevaa fulana Mugumu, umeiua. Kirumbizi ya Lamu na Zanzibar, ile ngoma ya fimbo, nayo nilimwonyesha. Haifundishi kunyang'anya kitu. Inafundisha jicho kujua fimbo ya mwenzako inafika wapi na haifiki wapi, na nadhani hiyo ni elimu kubwa kuliko klipu zake zote.

Kama huniamini, fanya tulichofanya sisi na marafiki ukumbini chuoni. Vaa fulana nyeupe. Mpe mwenzako maka peni ya wino mwekundu, mwambie akuguse popote, anavyotaka, bila kukuhesabia. Wewe tumia mbinu yoyote unayoijua. Kati yetu alikuwepo mwenye mkanda mweusi. Hakuna aliyetoka na fulana safi.

Na hiyo ni maka peni, mnacheka. Watafiti wa Amsterdam wamewapima askari polisi wakijilinda dhidi ya mshambuliaji katika hali ya utulivu na hali ya shinikizo, na ujuzi uleule, kwa watu walewale waliofunzwa, ulishuka shinikizo lilipopanda. Kijana aliyejifunza kwa simu akiwa kitandani yuko wapi hapo?

Jibu la babu

Jioni babu akatukuta bado tunabishana. Akaangalia klipu moja mpaka mwisho, akacheka kwa pua. "Panga halidakwi," akasema. "Panga unalipa kitu kingine cha kukata."

Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo kama mtu wa fizikia. Silaha za zamani za Wakurya zilikuwa mkuki, upinde wenye mishale ya sumu, na ngao ya ngozi. Zote ni zana za umbali, au za kuweka kitu kati yako na chuma. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu wizi wa ng'ombe mpakani mwetu na Kenya, anaeleza jinsi bunduki zilivyoingia kwenye mambo haya baada ya vita vya Uganda vya 1979, askari walioenda vitani waliporudi nazo. Hata hizo ni umbali tena. Na wizi ukitokea usiku, jibu la kwanza la kijiji ni yowe. Mmoja akipiga yowe, boma la pili linaitikia, la tatu linaitikia, na baada ya dakika chache mwizi hapambani na mtu mmoja. Sizipambi siku hizo. Mapigano ya koo Tarime yameua watu na yameacha yatima ninaowajua. Ninachosema ni kwamba watu walioishi na panga kila siku hawakuwahi kubuni mbinu ya kulidaka kwa mkono mtupu. Huo nao ni ushahidi.

Umbali una namba zake. Mwaka 1983 askari mkufunzi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alipima na kuona kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi. Yeye alitaka kujua kama askari atawahi kutoa bastola. Baadaye watu wakaigeuza kuwa sheria, eti ukiwa nje ya mita 6.4 uko salama. Siyo. Kinachofaa kwetu ni hiki: mtu aliye hatua nne mbele yako, kama hakuna kitu kati yenu, atakufikia wakati unageuka. Kukimbia kunaanza mapema, maneno yanapopanda, kabla panga halijatoka kwenye ala. Ukishachelewa, weka kitu katikati: pikipiki, meza ya muuza nyama, kiti miguu ikimwelekea yeye, mlango, hata ng'ombe. Kuzunguka pikapu huku unapiga yowe hakuonekani kishujaa kwenye video, lakini kila mzunguko unakununulia sekunde mbili au tatu, na sekunde tatu kwa hesabu ya rula ni utajiri.

Kuna klipu moja ilinikera. Jamaa ananyang'anya kisu, mshambuliaji yuko chini, na yeye anamalizia kwa kisu hicho hicho. Kwa Tanzania, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vidogo vyake mpaka 18C, inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali, ila kwa nguvu ya kiasi inayohitajika tu. Ukizidisha na mtu akafa, ni kuua bila kukusudia. Kisu kikishakuwa mkononi mwako na yeye yuko chini, hesabu imebadilika.

Damu

Sasa sehemu ambayo hakuna klipu hata moja iliigusa.

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu kama lita 5. Akipoteza lita 2 yuko kwenye mlango wa kifo, na mshipa mkubwa wa paja au mkono ukikatwa hilo linaweza kutokea ndani ya dakika chache, kabla bodaboda haijawashwa. Kwa hiyo anayeokoa ni yule aliyesimama pale.

Bonyeza. Kitambaa chochote kisafi ulichonacho, kanga, fulana, kiweke juu ya jeraha, ukibonyeze kwa mikono miwili na uzito wako, wala usikifunue kila mara kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu. Jeraha la mkono au mguu ambalo damu yake inaruka na haikubali kubonyezwa, funga juu yake, upande wa moyoni, kama vidole vinne kutoka kwenye jeraha na si juu ya kiungo. Tumia kipande kipana cha kitambaa, kamba nyembamba itakata nyama. Pitisha kijiti kwenye fundo, uzungushe mpaka damu isimame. Itauma vibaya, na itabidi uvumilie makelele yake. Andika saa uliyofunga, usifungue mpaka hospitali. Shingoni usifunge kitu, bonyeza tu. Kisu kilichobaki mwilini usikichomoe. Udongo, majani ya kahawa, sukari, mafuta ya taa: usiweke.

Halafu hospitali. PF3 ni muhimu kwa polisi na mahakama, lakini mtu anayevuja damu apelekwe kwenye matibabu na mwingine akashughulikie karatasi.

Mtoto wa mjomba hakuvuja sana. Ndiyo ilikuwa bahati mbaya yake, kwa sababu hakuna aliyeona ni jambo kubwa. Sehemu moja wakamshona ngozi, wakampa vidonge, akaenda nyumbani. Ndani ya kiganja, kano zinazokunja vidole zilikuwa zimekatika. Kano ikikatika, ncha zake zinajivuta na kuachana kama mpira uliokatwa, na kuziunganisha ni kazi ya kufanywa ndani ya siku chache za mwanzo. Kipimo chake ni cha bure: mwambie majeruhi akunje kila kidole kimoja kimoja, kisha mguse ncha ya kila kidole akiwa amefumba macho, aseme kama anahisi. Kidole kimoja kikikataa, asikubali kushonwa ngozi tu, aombe rufaa. Na aulizie chanjo ya pepopunda. Wanawake huchomwa kliniki wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawajachomwa tangu utotoni, na panga la shamba linalala kwenye udongo wenye vijidudu hivyo.

Kabla sijaondoka tulifanya jaribio la rula. Kwa mkono wa kushoto aliidaka kwenye sentimita 19, akanipita mimi. Akahamishia mkono wa kulia, nikaiachia. Vidole viwili vikaanza kukunja, vitatu vikabaki vilivyo, rula ikapita katikati ikaangukia miguuni kwa babu.